Kisu cha porini

Kisu cha porini (pia: kisu cha kujiokoa) ni kisu kisichokunjwa ambacho hubebwa na mtu anayekwenda mbali na makazi, kama vile mwindaji, mpanda mlima, askari, rubani au mtafiti wa misitu, ili kimsaidie kufanya kazi za lazima akipotea au kukwama. Bapa na mpini wake vimeungana moja kwa moja bila bawaba. Kisu hiki hutunzwa ndani ya ala.

Kazi zake za kawaida ni kukata kamba, kuchonga vigingi vya kibanda, kupasua kuni zilizolowa ili kupata sehemu kavu ya ndani, kuwasha moto kwa cheche, kuchuna mnyama au kusafisha samaki, na kukata nguo za kufungia jeraha.

Kisu cha jikoni kikivunjika hununuliwa kingine. Kisu cha porini kikivunjika mahali pasipo na msaada, mwenyewe hana cha kukibadili. Kwa sababu hiyo sifa inayotangulia katika kukichagua ni uimara, kisha ndipo ukali. Makali yaliyopotea hurudishwa kwa kinoo, lakini bapa lililokatika kwenye mpini halirudishiki.

## Historia

Visu visivyokunjwa vimetumika tangu Zama za Mawe. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya vilibaki kuwa chombo cha kila siku hadi leo: Wafini wana kisu kidogo kiitwacho puukko, na Wasami wana kisu kikubwa zaidi kiitwacho leuku. Mji wa Mora nchini Uswidi umejulikana kwa utengenezaji wa visu tangu karne ya 19. Kiwanda alichokianzisha Frost-Erik Erson mwaka 1891 ni mojawapo ya chimbuko la kampuni ya Morakniv.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilianza kutumia mwaka 1942 kisu chenye bapa la inchi 7 (karibu sentimita 18), kinachojulikana kwa jina la KA-BAR. Baada ya vita marubani wa Marekani walipewa kisu kifupi zaidi chenye meno ya msumeno mgongoni. Meno hayo yalikusudiwa kukata bati la alumini la ndege iliyoanguka ili rubani aweze kutoka. Ala yake ya ngozi ilikuwa na mfuko mdogo wa kuwekea kinoo. Nchini Uswidi kisu cha Fällkniven F1, chenye bapa la sentimita 10 hivi, kilichaguliwa kwa marubani wa jeshi la anga mwaka 1995.

Filamu ya Kimarekani *First Blood* ya mwaka 1982 ilieneza aina nyingine: kisu kikubwa chenye mpini wa bomba tupu ambamo huwekwa viberiti na ndoana. Kisu cha filamu hiyo kilitengenezwa na fundi Jimmy Lile. Nakala nyingi za bei nafuu zilifuata, na nyingi kati yake zilikuwa dhaifu pale bapa linapokutana na mpini.

Katika Afrika Mashariki kazi nyingi za porini hufanywa kwa panga, na wafugaji kama Wamasai hubeba sime, yaani upanga mfupi wenye makali pande zote mbili. Wahunzi wa eneo hilo hufua visu na sime kutokana na springi za magari chakavu. Feleji ya springi huvumilia kupigwa na kupindwa, hivyo kisu kilichofuliwa vizuri kutokana nayo kinaweza kuwa imara.

## Sifa za kisu kinachotegemewa

### Chuma cha ndani ya mpini

Sehemu ya bapa inayoendelea ndani ya mpini ndiyo inayobeba nguvu yote ya kazi, nayo haionekani kwa urahisi. Kuna aina tatu kuu:

* Chuma kamili: bapa linaendelea kwa upana na urefu wote wa mpini, na vipande viwili vya mbao au plastiki vimebanwa kwa ribiti kila upande. Chuma huonekana kuzunguka ukingo wa mpini. Aina hii ndiyo imara kuliko zote, ingawa ni nzito na chuma chake hupata baridi kali au joto la jua.
* Chuma kilichofichwa: chuma chembamba zaidi kinaingia ndani ya mpini, ama nusu ya urefu, ama hadi kwenye kitako ambako hufungwa kwa nati au pini. Kikiwa kipana na kirefu vya kutosha, kinafaa kwa kazi nyingi. Visu vingi vya Skandinavia vimetengenezwa hivi.
* Mpini tupu: bapa linaishia mwanzoni mwa mpini na limefungwa kwa skurubu au kuchomelewa. Nguvu yote huishia kwenye kiungo kimoja kifupi. Mafundi wachache hodari hutengeneza visu imara vya namna hii, lakini vile vya bei nafuu ndivyo huvunjika mapema.

Udhaifu mwingine hutokea pale bapa linapopungua upana kuingia kwenye mpini. Kona kali mahali hapo hukusanya msukumo na kuanzisha ufa; kona iliyoviringwa hustahimili zaidi.

### Urefu na unene

Visu vingi vya porini vina bapa la sentimita 9 hadi 15 na unene wa milimita 3 hadi 5. Bapa fupi huongozwa vizuri katika kuchonga na kuchuna. Bapa refu hupasua kuni nene zaidi, lakini ni zito na huchosha mkono. Mwalimu wa maisha ya msituni kutoka Kanada, Mors Kochanski, alipendekeza bapa lenye urefu unaolingana na upana wa kiganja cha mtumiaji.

Kisu kikubwa si mbadala wa panga wala shoka. Anayebeba panga anaweza kutosheka na kisu kidogo kwa kazi za mkono, na jozi hiyo hufanya kazi nyingi kuliko kisu kimoja kizito.

### Umbo la bapa na makali

Ncha iliyo katikati ya bapa au chini kidogo ya mstari wa mgongo huwa na nguvu na hutoboa vizuri. Ncha nyembamba sana hukatika ikitumiwa kuchokonoa mti. Mgongo bapa wenye kona za mraba hutumiwa kukwangua kijiti cha cheche bila kuharibu makali.

Meno ya msumeno mgongoni hukata mti kwa shida, na huzuia mtumiaji kugonga mgongo kwa kipande cha mti au kuubana kwa kidole gumba. Makali ya upande mmoja tu ndiyo yanayofaa kwa kazi. Makali ya pande mbili, kama ya jambia, ni ya silaha na humkata mtumiaji mwenyewe.

Pembe ya makali huamua tabia ya kisu. Makali ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande huvumilia mti mgumu, na makali membamba zaidi hukata vizuri lakini hupinda au kumeguka yakikutana na mfupa au fundo la mti.

### Feleji

Feleji ya visu hugawanywa katika makundi mawili:

| Sifa | Feleji ya kaboni | Feleji isiyoshika kutu |
|---|---|---|
| Kromi | kidogo au hakuna | angalau asilimia 10.5 |
| Kutu | hushika haraka | huchelewa kushika |
| Kunoa porini | rahisi | hutofautiana, mara nyingi ngumu zaidi |
| Cheche kwa jiwe gumegume | hutoa | kwa kawaida haitoi vizuri |
| Mazingira yanayofaa | nyika kavu, nyanda za juu | pwani, ziwani, misitu yenye unyevu |

Jina la feleji halitoshi. Kisu hupata nguvu yake kwa kupashwa moto, kupozwa haraka, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Feleji nzuri iliyopashwa vibaya huwa laini kama bati au hukatika kama kioo. Ugumu hupimwa kwa skeli ya Rockwell C, na visu vingi vya porini huwa kati ya 55 na 60. Vilivyo juu ya hapo hudumu na makali lakini humeguka kwa urahisi. Vilivyo chini hupoteza makali mapema.

### Mpini na ala

Mpini unapaswa kujaa mkononi bila kona zinazobana na bila kuteleza ukilowa maji, jasho au damu. Kikingio kidogo kati ya mpini na bapa huzuia vidole kuteleza hadi kwenye makali. Mpini wa mbao au ngozi hushikika vizuri lakini hunywa maji. Wa plastiki au mpira hauhitaji matunzo mengi.

Ala ni sehemu ya kisu. Kisu kilichochomoka njiani hakina faida, na ala laini huweza kutobolewa na ncha mtu akianguka. Ala ya plastiki ngumu haishiki maji na huoshwa kwa urahisi. Ala ya ngozi haipigi kelele, ila hukaa na unyevu.

## Kukagua kabla ya kununua

Visu vya bandia vyenye majina ya kampuni maarufu huuzwa sokoni na mtandaoni. Bei ya juu si uthibitisho wa ubora, kwani baadhi ya visu vya Skandinavia vya bei nafuu hudumu miaka mingi. Mambo yafuatayo huweza kukaguliwa dukani:

* Bapa limenyooka likitazamwa kutoka kwenye kitako hadi kwenye ncha, na makali yako katikati.
* Hakuna mchezo wala sauti kati ya bapa na mpini kisu kikitikiswa au mpini ukigongwa kwa kiganja.
* Mtengenezaji ametaja aina ya feleji. Maandishi yanayosema tu "isiyoshika kutu" hayaelezi lolote kuhusu ugumu.
* Kisu hakitoki kwenye ala ikigeuzwa juu chini na kutikiswa, lakini hutoka kwa mkono mmoja kikihitajika.
* Mpini unashikika kwa mkono uliolowa.

Baada ya kununua, kisu hujaribiwa nyumbani kwa kuchonga na kupasua kuni ndogo. Kasoro ikionekana huko, bado kinaweza kurudishwa.

## Matumizi salama

Hatari kubwa zaidi porini ni kujikata, kwa kuwa hospitali iko mbali. Makali huelekezwa mbali na mwili. Anayechonga akiwa ameketi hafanyi kazi katikati ya mapaja, kwa sababu ateri kubwa ya paja ikikatwa mtu hupoteza damu nyingi kwa dakika chache. Viwiko huwekwa juu ya magoti ili kisu kiwe mbele ya mwili.

Katika kupasua kuni, bapa huwekwa juu ya ukuni na mgongo hugongwa kwa kipande cha mti, kamwe si kwa jiwe wala nyundo. Ukuni unapaswa kuwa mwembamba kuliko urefu wa bapa, na usiwe na fundo. Kisu hakitumiwi kama mtaimbo, wala hakirushwi.

## Matunzo

Kisu hufutwa na kukaushwa baada ya kila kazi, hasa baada ya kukata matunda yenye asidi, nyama au samaki wa maji chumvi. Feleji ya kaboni hupakwa mafuta kidogo. Kisu cha kukatia chakula hupakwa mafuta ya kupikia. Kisu hakihifadhiwi kwa muda mrefu ndani ya ala ya ngozi. Makali hutunzwa kwa kinoo kidogo mara kwa mara badala ya kusubiri yafe kabisa. Tupa inayotumika kwa panga huondoa chuma kingi na mara nyingi haing'ati feleji ngumu ya kisu.

## Sheria

Nchi nyingi huweka mipaka ya kubeba visu. Nchini Uingereza ni kosa kubeba kisu kisichokunjwa mahali pa umma bila sababu ya msingi. Katika safari za ndege za abiria visu hivi haviruhusiwi kwenye mizigo ya mkononi. Huwekwa ndani ya mizigo inayokabidhiwa, vikiwa vimefungwa vizuri.

## Tazama pia

* Kisu
* Panga
* Feleji
* Huduma ya kwanza