Shofeli Mlevi na Sheria

Mji wetu wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia ziwani Kivu. Atokaye Kadutu kushuka mpaka Ibanda ajua maana ya breki. Hapo mtu aliyekunywa kasiksi au bia, au aliyevuta bangi, akishika usukani, hapati nafasi ya kukosea mara mbili. Basi tumeona vema kueleza sheria ya jambo hili imetoka wapi.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kuadhibiwa kwa kuendesha motokari akiwa amelewa alikuwa George Smith, dereva wa teksi mjini London. Tarehe 10 Septemba 1897 aliigonga nyumba. Alikiri kwamba amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Vema kwamba alikiri, kwani siku zile polisi alikuwa na macho na pua tu. Shofeli akikana, na akitembea pasipo kuyumba, nani angemshinda mbele ya hakimu? Ndiyo sababu wataalamu walianza kupima pombe katika damu. Norwe iliweka kipimo katika sheria yake mwaka 1936.

Wabelgiji, waliotawala hapa tangu mji ulipoitwa Costermansville, hawakufanya haraka. Kipimo chao kilitangazwa kwao Ulaya tarehe 15 Aprili 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru wetu: gramu 1.5 za pombe katika lita moja ya damu. Kipimo cha ukarimu mno! Mwaka 1975 wakakipunguza kuwa 0.8, na mwaka 1994 kuwa 0.5.

Lakini walituachia sheria nyingine, nayo yatuhusu sana. Ni Kitabu cha Adhabu cha tarehe 30 Januari 1940. Mara ngapi tumesikia penye matanga: «Hakukusudia, ni pombe tu»? Watu hudhani kwamba neno hilo lafuta kesi. Sivyo. Sheria hiyo yasema juu ya huyohuyo asiyekusudia: aliyeua kwa kukosa uangalifu afungwe miezi 3 mpaka miaka 2, aliyejeruhi tu, siku 8 mpaka mwaka mmoja. Haina haja ya kupima damu kwanza. Yauliza, Je, ulikuwa mwangalifu? Na mwenye kulewa atajibu nini?

Mwaka 1977 nchi yetu, wakati ule Zaire, iliingia katika mapatano ya Vienna ya mwaka 1968, yanayodai kila dereva awe na afya ya mwili na akili ya kuendesha. Tarehe 30 Agosti 1978 ikatolewa sheria ya barabara namba 78/022.

Twajua, jamaa hupenda kupatana nyumbani. Shofeli huleta sanduku la maiti, gunia la unga na pesa kidogo, nao wazee hufunga maneno. Mapatano hayo ni ya jamaa. Kesi ya serikali ni kitu kingine, hayaizuii. Tena tangu tarehe 5 Januari 1973 kila mwenye motokari alazimishwa kuwa na bima kwa ajili ya wale atakaowaumiza. Wajane wengi walipokea lile gunia pasipo mtu kuwaambia habari ya karatasi hiyo.