Miwani ya Wasioona Mbali

Huenda katika darasa lako yupo kijana akaaye dawati la mbele, naye bado hukunja uso akiutazama ubao. Usimwite mjinga wala mvivu. Yamkini jicho lake limerefuka kupita kiasi, na nuru hukutana kabla ya kuufikia utando wa nyuma upokeao sura za vitu. Ndiyo maana vya mbali huviona kama vilivyo katika ukungu.

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia yapata mwaka 1286, lakini ilikuwa ya wazee wasioweza kusoma maandishi ya karibu. Wasioona mbali walingoja zaidi ya karne moja. Mwaka 1462 Francesco Sforza, mtawala wa Milan, aliagiza kutoka Florence miwani dazeni tatu, na dazeni moja kati ya hizo ilikuwa ya kuonea mbali. Watu walijua kwamba kioo kilichobonyea katikati chafaa, wala hawakujua sababu, hata Johannes Kepler alipoieleza mwaka 1604: kioo hicho huitawanya nuru kidogo, ili ikutane mahali pake.

Mwaka 1872 Mfaransa Ferdinand Monoyer alipendekeza kipimo cha nguvu za lenzi, yaani dayopta. Leo jicho lililofika dayopta 6 huhesabiwa kuwa na upungufu mkubwa, na hapo ndipo uteuzi hutaka akili. Kadiri nguvu izidivyo, ndivyo kingo za kioo zinenepavyo. Wengi huvutwa na fremu pana kwa urembo, kumbe fremu pana ndiyo iachayo kingo nene. Chagua fremu ndogo, ambayo mboni zako zitakaa katikati ya vioo vyake. Kisha uliza habari za plastiki ipindayo nuru zaidi: ya kawaida ina kipimo cha 1.5, na nyingine hufika 1.74. Hiyo ni nyembamba, ingawa ni ghali. Fedha zisipotosha, fremu ndogo na vioo vya kawaida vitakufaa, mradi umepimwa sawasawa.

Hata hivyo, miwani haiponyi jicho. Ukiona vimulimuli vya ghafula, au kama pazia jeusi, mwendee daktari siku ile ile, maana huenda utando umebanduka.

Sforza aliagiza miwani kwa dazeni, kama mtu anunuavyo vikombe. Wewe wapimwa jicho moja moja. Basi usiache aibu ya kuchekwa ikufiche ubao.