Kwa Heshima ya Debe Tupu

Baba yangu mdogo alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi kwa miaka 11, na hakuwahi kumiliki gitaa. Vyombo vilikuwa mali ya bendi. Shoo ikiisha vinafungiwa stoo, naye anarudi nyumbani mikono mitupu kama karani aliyetoka ofisini. Mwaka jana nilimuuliza kama watu walimjua mtaani. Akacheka. "Mwanangu, aliyejulikana ni mpiga solo. Mimi nilikuwa jamaa wa nyuma. Ukiniondoa, watu wanahisi kuna kitu kimepungua, ila hawajui ni nini."

Maneno yale yalinirudia nilipokuwa nasoma insha ya Ralph Ellison kuhusu mpiga gitaa Charlie Christian. Wengi wetu tunamjua Ellison kwa riwaya yake ya 1952, Invisible Man, habari za mtu mweusi ambaye jamii inamtazama bila kumwona. Kabla hajawa mwandishi alikuwa kijana mpiga tarumbeta wa Oklahoma City, na kina Christian aliwafahamu tangu shuleni. Katika insha hiyo anamkumbuka Charlie mdogo kwenye somo la kazi za mikono, akiunda magitaa kwa maboksi ya sigara. Nilitabasamu. Nani kati yetu hakuwahi kuunda gitaa la galoni la mafuta na waya wa breki za baiskeli?

Nikataka kujua mtoto yule alipokua alishika gitaa gani. Hapo ndipo nilipozama kwenye historia ya gitaa la umeme lenye tumbo tupu na kifua kilichobinuka.

Tuanze na shida yenyewe. Gitaa lina sauti ndogo. Ukiwa barazani na wenzako watatu linatosha, lakini miaka ya 1920 na 1930 bendi za jazi za Marekani zilikuwa na watu 12, 15 au zaidi: tarumbeta, tromboni, saksofoni, piano, ngoma. Mpiga gitaa alikaa nyuma na kukatakata kodi ili wengine wasipoteze mapigo. Kupiga solo? Nani angemsikia?

Dawa ya kwanza ilitoka kwa mafundi wa mbao. Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, fundi mmoja aitwaye Orville Gibson alikuwa ameanza miaka ya 1890 kutengeneza mandolini na magitaa kwa kufuata fidla. Badala ya kuchukua ubao mwembamba bapa, alichonga kifua cha chombo kutoka kwenye ubao mnene mpaka ukabinuka kama mgongo wa kobe. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa 1902. Miaka 20 baadaye, 1922, kampuni hiyo ikatoa gitaa aina ya L-5, likiwa na mchango mkubwa wa Lloyd Loar, mwanamuziki aliyekuwa pia mtaalamu wa sauti. Tundu moja la mviringo katikati liliondolewa, yakawekwa mawili yenye umbo la herufi f, kama ya fidla.

Kazi yake si ya haraka. Vipande viwili vya sprusi, mti wa nchi za baridi unaofanana na msonobari, vinagundishwa kando kwa kando. Fundi anachonga upande wa nje mpaka apate mbinuko, kisha anageuza na kuchonga ndani. Katikati anaacha unene, kuelekea ukingoni anapunguza. Kila mara anagonga kwa kidole na kutega sikio, maana akiacha mbao nyingi gitaa litakuwa bubu, na akipunguza mno litabonyea. Mgongo na mbavu ni za mepoli, mti mgumu ambao jani lake mmeliona kwenye bendera ya Kanada. Nyuzi za chuma zinapita juu ya kidaraja cha mbao ambacho hakikugundishwa popote. Kinasimama kwa sababu nyuzi zinakikandamiza, halafu zinafungwa mkiani kabisa.

Matokeo yake ni sauti inayotoka upesi na kufa upesi. Ukipiga kodi inagonga kama mlango, inapenya katikati ya saksofoni, inanyamaza. Kwa mpiga rithimu hiyo ni neema, lakini solo bado ilikuwa ndoto.

Dawa ya pili ilikuwa umeme. Mwaka 1936 Gibson walitoa gitaa lililoitwa ES-150. Herufi zile zina maana ya gitaa la umeme la Kihispania, ili kulitofautisha na yale ya Kihawaii yaliyopigwa yakiwa yamelazwa mapajani, ambayo yalitangulia kupata umeme. Liliuzwa takriban dola 150 pamoja na amplifaya yake. Chini ya nyuzi kulikuwa na sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa kwenye ule waya, unakwenda kwenye amplifaya, unarudi ukiwa sauti kubwa.

Agosti 1939, Charlie Christian, akiwa na miaka 23, alifika Los Angeles na gitaa lake na amplifaya yake kujaribiwa na Benny Goodman, mpiga klarineti aliyekuwa nyota wa Marekani nzima. Simulizi iliyoenea inasema Goodman hakuvutiwa, na kwamba jioni yake John Hammond, mtayarishaji aliyemleta, alimpandisha kijana jukwaani kwa kuvizia. Goodman akachagua wimbo akidhani utamshinda. Wimbo huo mmoja uliendelea kwa zaidi ya dakika 40, kwa sababu kila Christian alipomaliza mzunguko alikuwa na kingine cha kusema.

Desemba mwaka huohuo jarida la Down Beat lilichapisha makala yenye jina lake, ikiwaita wapiga gitaa waamke. Nikiisoma najisikia nasoma tamko la chama cha wafanyakazi. Hakuwa anauza teknolojia. Alikuwa anawaambia watu wa nyuma kwamba sasa nao wanaweza kusogea mbele.

Yeye mwenyewe alipata muda mfupi sana. Machi 1942 alifariki kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25. Alizikwa Bonham, Texas, alikozaliwa, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na alama.

Sasa hapa ndipo penye utata unaonivutia kuliko yote. Sumaku ilipoingia, tumbo la gitaa halikuwa na kazi tena. Uvungu ule wote ulichongwa ili kukuza sauti, na sasa sauti inakuzwa na amplifaya. Tena uvungu ukawa kero. Ukiongeza sauti, spika inatikisa kifua cha gitaa, kifua kinatikisa nyuzi, sumaku inanasa na kurudisha kwenye spika, na ukumbi mzima unasikia mluzi wa kuchoma masikio. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili lilivuma kwelikweli.

Les Paul aliliona hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichukua gogo la msonobari, akafunga nyuzi na sumaku, akawa na gitaa lisilo na uvungu. Alisimulia kwamba alipolipiga mbele ya watu hawakulijali. Akapasua gitaa la kawaida katikati, akabandika nusu zake ubavuni mwa gogo kama mabawa, na safari hii watu wakashangilia. Sauti ilikuwa ileile, ila sasa macho yao yaliona gitaa.

Kufikia 1950 Leo Fender wa California alikuwa anauza magitaa ya ubao mtupu usio na tumbo. Kwa hesabu za kawaida, hadithi ya debe tupu ilipaswa kuishia hapo. Lakini 1949 Gibson walikuwa wametoa ES-175, lenye kifua cha plaiwudi ya mepoli badala ya sprusi ya kuchonga. Plaiwudi ilikuwa rahisi, na kwa kuwa haitetemeki sana, mluzi ulipungua. Gitaa hilo lilidumu madukani zaidi ya miaka 60. Mwaka 1958 ikaja ES-335, yenye gogo la mbao katikati na mabawa matupu pembeni. Ni kama ndoto ya Les Paul iliyovalishwa suti. B.B. King, aliyeita kila gitaa lake Lucille, alijaza vitambaa ndani ili kuzuia mluzi, na 1980 kiwanda kikamtengenezea lisilo na matundu kabisa.

Kwa nini watu waling'ang'ania? Jibu nililipata Berlin, nilikokwenda kwa mafunzo ya uandishi. Katika duka la vyombo vikuukuu nilimwomba muuzaji nishike gitaa moja la miaka ya 1950, ambalo bei yake ingeninunulia kiwanja Chanika. Najua kodi tatu tu. Nikapiga ya kwanza kabla hajachomeka waya, na nikaisikia tumboni mwangu. Mbao ilikuwa inatetemeka dhidi ya mbavu zangu kama paka anayekoroma. Alipochomeka, sauti ilitoka nene, ya duara, yenye pumzi ndani yake, na kila noti ilianza kufifia punde tu baada ya kuzaliwa. Uvungu unakula sauti. Huwezi kuinyoosha noti moja upendavyo, hivyo unalazimika kusema lingine, kama mtu anayeongea. Nikamwelewa Wes Montgomery, aliyejifunza kwa kufuatisha rekodi ya Christian, Solo Flight ya 1941, kisha akaipiga L-5 yake kwa dole gumba badala ya kipigio.

Niliporudi nilimpelekea baba mdogo rekodi hiyohiyo kwenye simu. Alisikiliza amefumba macho.

"Huyu anapiga kama tarumbeta," akasema. Kisha akauliza, "Gitaa lilikuwa la bendi?"

"Hapana, Baba. Alikuja nalo kutoka kwao."

Akanyamaza kidogo. "Hebu rudisha mwanzo," akasema. Nikarudisha. Vidole vyake vya kulia vilikuwa tayari juu ya meza, vinashika rithimu.