KA9Q: Programu ya Mwanaredio wa Ridhaa Iliyoifikisha Intaneti Nyumbani

Historia ya intaneti huandikwa mara nyingi kana kwamba mtandao huo ulijengwa wote katika maabara za serikali ya Marekani na vyuo vikuu vyake, kisha mtu wa kawaida akakabidhiwa ukiwa umekamilika. Kuhusu chimbuko lake maelezo hayo ni sahihi, kwa kuwa itifaki za TCP na IP, yaani kanuni zinazoeleza jinsi ujumbe unavyogawanywa katika vipande viitwavyo pakiti, ukapewa anwani, ukasafirishwa na kuunganishwa tena unakokwenda, zilichapishwa Septemba 1981 chini ya ufadhili wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, na mtandao wa ARPANET ukahamia rasmi kwenye kanuni hizo tarehe 1 Januari 1983. Hata hivyo, yanaficha mchango wa kompyuta ndogo na wa watu walioziandikia programu kwa mapenzi yao tu, ambao hawakuupokea mtandao mikono mitupu, bali waliusaidia kupona ugonjwa wake.

Kompyuta binafsi ya kampuni ya IBM ilipotangazwa Agosti 1981, ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno kiasi kwamba wengi waliona TCP/IP ni mzigo usiobebeka na mashine ya aina hiyo. Kundi la chuo cha MIT, wakiwamo David Clark, Jerome Saltzer na mwanafunzi John Romkey, lilithibitisha kinyume chake kwa programu zilizoitwa PC/IP, ingawa kila kazi ilihitaji programu yake na mashine ilifanya moja tu kwa wakati mmoja. Aliyeuvuka mpaka huo ni mhandisi Phil Karn, ambaye katikati ya miaka ya 1980 aliandika TCP/IP upya, kwanza kwa mashine iliyotumia mfumo endeshi wa CP/M, kisha kwa MS-DOS. Alikuwa mwanaredio wa ridhaa, yaani raia mwenye leseni ya kurusha mawimbi bila malipo wala biashara, na programu yake ikapewa jina la ishara yake ya utambulisho hewani, KA9Q. Wanaredio wa ridhaa walikwisha kutengewa mwaka 1981 anwani zote za intaneti zinazoanza na namba 44, ambazo ni zaidi ya milioni 16, lakini bila programu ya kuzitumia zilikuwa sawa na viwanja visivyo na nyumba.

Kuipata programu yenyewe kulikuwa na ugumu wa pekee, kwa sababu ilihifadhiwa katika kompyuta zilizokuwa tayari kwenye mtandao, na asiye na programu ya mtandao hakuwa na njia ya moja kwa moja ya kuifuata huko. Aliyekuwa na rafiki chuo kikuu aliletewa nakala katika diski laini; mwingine alipiga simu kwa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ipitayo katika waya wa simu, akaingia katika kompyuta kubwa aliyoruhusiwa kuitumia na kulivuta faili polepole. Karn aliutoa msimbo wake bure kwa wanaredio wa ridhaa na kwa elimu, na ukarimu huo ndio ulioipa programu wazazi wengi, kwani watu wa nchi mbalimbali waliurekebisha na kuzalisha matoleo yao, likiwamo JNOS.

Baada ya kuipata ilibidi kuijaribu, na majaribio hayo yalikuwa na hatua zinazofaa kuelezwa kwa kina, kwa kuwa mafundi wa mitandao huzifuata hadi leo. Mtumiaji aliandika faili la maelekezo linalotaja anwani yake, tundu la kompyuta lililounganishwa na modemu au redio, na mwendo wa data, kisha akatumia amri iitwayo ping, iliyobuniwa na Mike Muuss Desemba 1983, ambayo hutuma pakiti ndogo na kupima muda inaochukua kurudi, mfano wa baharia anayepima kina kwa mwangwi. Kwanza aliipima mashine yake mwenyewe, kisha jirani wa karibu, halafu mashine ya mbali kwa namba, na mwisho kwa jina, hivi kwamba hatua iliyoshindikana ilionesha kasoro ilipo. Mara nyingi kasoro haikuwa katika programu. Saketi ya kupokea data katika kompyuta nyingi za zamani ilihifadhi baiti moja tu, yaani herufi moja, na kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde baiti mpya huingia takriban kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo kichakato kikichelewa kidogo herufi ilifutwa na nyingine na pakiti nzima ikaharibika. Saketi ya aina ya 16550A, yenye nafasi ya baiti 16, ndiyo iliyoondoa tatizo hilo.

Hewani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwendo wa kawaida ulikuwa biti 1,200 kwa sekunde, na kwa kuwa kila pakiti ya TCP hubeba walau baiti 40 za anwani na maelekezo, herufi moja iliyobonyezwa ilizaa mzigo wa baiti 41 uliokula zaidi ya robo ya sekunde kusafiri. Vituo viwili visivyosikiana vilirusha kwa pamoja na kuharibiana ujumbe, pakiti zikapotea ovyo, na hapo ndipo kasoro ya TCP yenyewe ilipojitokeza. Kanuni husema kwamba mtumaji asipopata jibu kwa muda fulani arudie kutuma, na muda huo hukadiriwa kutokana na majibu yaliyotangulia. Pakiti ikitumwa mara mbili, jibu moja likija, haijulikani ni la pakiti ya kwanza au ya pili: likihesabiwa kuwa la kwanza, makadirio huwa marefu kupita kiasi, likihesabiwa kuwa la pili, huwa mafupi, mtumaji akarudia kutuma bila sababu na kuusonga mtandao ambao tayari umeelemewa. Karn na Craig Partridge walichapisha tiba yake mwaka 1987, nayo ni nyepesi ajabu: jibu la pakiti iliyorudiwa lisitumike kupimia, na muda mrefu wa kusubiri uliowekwa wakati wa kurudia udumishwe mpaka lipatikane jibu la pakiti iliyotumwa mara moja tu. Haja yake haikuwa ya wanaredio peke yao, kwa maana Oktoba 1986 kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani cha Berkeley kilikuwa kimesongamana hata mwendo ukashuka kutoka biti 32,000 hadi 40 kwa sekunde.

Toleo la baadaye, lililoitwa NOS, liliiwezesha kompyuta ya MS-DOS, mfumo uliozoea kazi moja kwa wakati, kupokea barua, kugawa mafaili na kuelekeza pakiti za wengine kwa pamoja. Nchini Uingereza, kampuni ya Demon Internet ilipoanza mwaka 1992 kuuza huduma kwa pauni 10 kwa mwezi, wateja wake wa MS-DOS walipewa programu iliyotokana na KA9Q. Nafasi hiyo ilichukuliwa kwa watumiaji wa Windows na Trumpet Winsock, kazi ya Peter Tattam wa Tasmania nchini Australia, iliyonakiliwa kila mahali na wengi wasioilipia, kabla ya Windows 95 kuja Agosti 1995 na TCP/IP ndani yake.

KA9Q haipo tena katika kompyuta za nyumbani, lakini waraka RFC 6298 wa mwaka 2011, unaoeleza jinsi TCP inavyopaswa kukadiria muda wa kusubiri, unaamuru kwamba vipimo vichukuliwe kwa kufuata kanuni ya Karn, yaani tiba ile ya mwaka 1987, na unaitaja kwa jina lake.