Utunzaji wa Nyuki Kipalapala Wakati wa Kiangazi
Kipalapala, nje ya mji wa Tabora, imo katika ukanda wa miombo, ambako kiangazi huanza Mei hadi Oktoba. Maji na maua yanapoadimika, nyuki huweza kuhama na kuuacha mzinga mtupu.

Ili kuwabakiza, mfugaji anaporina asali huacha masega ya kulisha kundi. Huweka karibu chombo cha maji chenye vijiti vya kutulia ili nyuki wasizame, hutundika mizinga kivulini, mbali na makazi na njia, hupaka grisi kwenye waya kuzuia siafu, na hufyeka nyasi kuzuia moto.

Mizinga ya mbao hufaa kuliko ya magome, kwani mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, na nyuki hupoteza maua yake.