Gitaa la paundi 8 lililowagombanisha baba na mwana

Leo turudi nyuma kidogo, London, Agosti 1963. Kuna dogo wa miaka 16 anatamani gitaa la umeme la Fender kama walilonalo wakubwa, ila home hela hakuna. Mshua wake ni mtu wa elektroniki, mikono haitulii. Wakaamua walitengeneze wenyewe.

Sasa cheki vifaa. Shingo waliichonga kwenye ubao wa mahogani uliotoka kwenye meko ya zamani. Bodi, mbao nyingine zilitoka kwenye meza kuukuu. Springi za pikipiki nazo zikaingia humo. Vile vidoti vya shingoni ni vifungo vya lulu vya mama, na kile kirungu cha kwenye mkono wa kutikisia sauti kimetoka kwenye sindano yake ya kufumia. Gharama yote kama paundi 8, muda karibu miaka miwili.

Kwanza dogo alijitengenezea na pikapu (siyo gari jamani, ni sumaku zenye waya zinazonasa sauti ya nyuzi). Akivuta uzi pembeni, sauti inaharibika. Akajichanga, akanunua tatu za Burns, akazijaza gundi zisipige kelele. Hapo gitaa likakubali.

Jina la dogo sitaji, waliosikiliza Queen mshamjua. Ndiyo, ile bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, 1946.

Shida ikaja hapa. Dogo alikuwa anasomea udaktari wa falsafa, mambo ya anga. Akaacha, akafuata muziki. Mshua aliumia sana. Yaani mikono yake mwenyewe ndiyo ilitengeneza kitu kilichomtoa mwanawe shuleni! Mpaka siku alipopelekwa New York, akaona Madison Square Garden imejaa watu wanashangilia lile gitaa la mezani kwake. Akampa mwanawe mkono.

Mwaka 2002 gitaa lilelile likapigwa juu ya paa la Buckingham. Na 2007 jamaa akamaliza ule udaktari wake, ila mzee alishatangulia mbele za haki.

Mimi niliishia sekondari, kwa hiyo hii stori imenigusa. Wazazi wetu wanatusaidia kujenga kitu, halafu wanaogopa kitakapotupeleka. Siyo ubaya, ni upendo wenye hofu.

Wewe mshua wako alishakupa mkono, au bado? Tiririka hapo chini.