Nabii Amosi na mahubiri ya haki na hukumu

Amosi ni nabii wa karne ya 8 KK ambaye maneno yake yamehifadhiwa katika kitabu chenye sura 9, cha tatu kati ya vitabu 12 vya manabii wadogo kwa mpangilio wa Kiebrania. Wataalamu wengi humhesabu kuwa wa kwanza kati ya manabii ambao ujumbe wao umetufikia kama kitabu kamili. Makala hii inahusu ujumbe wake na namna ulivyohubiriwa katika masinagogi na makanisa, kazi ambayo tangu mwanzo imekuwa na ugumu mmoja: Amosi ni rahisi kumhubiri dhidi ya watu wasiokuwepo, na ni mgumu kumhubiri mbele ya wale waliokaa kwenye viti.

Mtu na nyakati zake

Amosi alitoka Tekoa, kijiji cha Yuda kilicho kilomita kama 16 kusini mwa Yerusalemu, ukingoni mwa jangwa. Alikuwa mtu wa mifugo, tena alishughulika na mikuyu, miti ambayo haistawi katika vilima vya Tekoa bali katika nchi ya chini; kwa hiyo kazi yake ilimtoa nyumbani. Wahubiri wengi humwonyesha kama mchunga mbuzi fukara asiyekwenda shule. Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Mesha, mfalme wa Moabu, anatajwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme kuwa mtu wa kazi hiyohiyo ya kondoo, na Kiebrania cha Amosi ni cha mtu aliyeimudu lugha yake barabara. Huenda alikuwa na mali ya kutosha. Kama ni hivyo, kelele zake juu ya maskini hazikutokana na njaa yake mwenyewe, na jambo hilo linazidisha uzito wake.

Ingawa alikuwa mtu wa Yuda, alitumwa kaskazini, katika ufalme wa Israeli, wakati wa mfalme Yeroboamu II aliyetawala takriban miaka ya 786 hadi 746 KK. Ulikuwa wakati wa neema. Damasko ilikuwa imedhoofishwa, Ashuru ilikuwa na matatizo yake ya ndani, mipaka ya Israeli ilipanuka na njia za biashara zilikuwa salama. Waakiolojia waliochimba Samaria, mji mkuu wa ufalme huo, walikuta vipande vya pembe za ndovu vilivyonakshiwa kwa ajili ya kupamba samani, na mwaka 1910 George Reisner aligundua vigae vilivyoandikwa kumbukumbu za divai na mafuta yaliyopelekwa mjini kutoka mashamba ya jirani. Amosi anaposema juu ya vitanda vya pembe, divai inayonywewa kwa mabakuli na mafuta ya thamani ya kujipaka, anasema juu ya vitu vilivyokuwapo kweli.

Kitabu kinasema aliona maono yake miaka miwili kabla ya tetemeko la ardhi, nalo lilikumbukwa kwa muda mrefu kiasi kwamba kitabu cha Zekaria bado kinalitaja. Nyufa na kuta zilizolala upande katika magofu ya Hazori huhusishwa na tetemeko hilo, la karibu mwaka 760 KK.

Mtego wa sura mbili za kwanza

Atakayemhubiri Amosi aanze kwa kuangalia Amosi mwenyewe alivyohubiri. Hakuanza na Israeli. Alianza na Damasko, akawashutumu kwa ukatili wao vitani. Akaenda Gaza, iliyouza watu utumwani. Kisha Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Kila taifa linaitwa kwa utaratibu uleule wa kuhesabu makosa, na kila taifa ni jirani ambaye Israeli walikuwa na kisa naye. Si vigumu kuwaza umati ukiitikia kwa furaha. Halafu ikaja zamu ya Yuda, ndugu wa kusini, na bila shaka wapo waliofurahi zaidi. Baada ya hapo tu ndipo anapowageukia wenyewe waliokuwa wakimsikiliza, kwa utaratibu uleule, na kuongea nao kwa kirefu kuliko wote.

Makosa ya mataifa ni ya vita. Ya Israeli ni ya siku za amani: mwenye haki anauzwa kwa sababu ya deni, maskini anauzwa kwa bei ya jozi ya viatu, nguo zilizowekwa rehani zinatandikwa chini kando ya madhabahu kana kwamba ni mali ya aliyezikalia. Torati ilimtaka mkopeshaji arudishe vazi la maskini kabla ya jua kutua, kwa kuwa ndilo blanketi lake. Kwamba sheria hiyo ilivunjwa si madai ya manabii pekee. Mwaka 1960 katika ngome ya Mesad Hashavyahu, kwenye pwani ya Mediterania, kilipatikana kigae cha karne ya 7 KK chenye malalamiko ya mvunaji mmoja kwa mkuu wa mahali pale: amemaliza kiasi cha mavuno alichopangiwa, wenzake ni mashahidi, na bado msimamizi amemnyang'anya vazi lake. Mhubiri anayetaka waumini wake waone Amosi alikuwa anasema nini, asimulie kigae hicho.

Langoni na sokoni

Haki katika kitabu hiki ina mahali pake. Inakaa langoni, kwa sababu katika miji ya Israeli lango la mji ndilo lililokuwa mahakama. Wazee walikaa hapo kusikiliza kesi; magofu ya Dani, kaskazini ya mbali, yana lango lenye benchi la mawe linaloonekana hadi leo. Amosi analia kwamba langoni msema kweli anachukiwa, rushwa inapokelewa na mhitaji anasukumwa kando. Anayehubiri haki ya Amosi kama hisia njema tu ya moyoni, bila kutaja mahakama, baraza la ardhi au ofisi ambako mafaili hupotea, amehubiri kitu kingine.

Mahali pa pili ni sokoni. Sura ya 8 inawachora wafanyabiashara wanaongoja kwa hamu sikukuu ya mwezi mpya na Sabato ziishe ili wafungue ghala. Kipimo cha kuuzia wamekipunguza, jiwe la kupimia fedha wamelizidisha uzito, na makapi wanayauza pamoja na ngano. Mhubiri wa Kiswahili ana bahati hapa: hahitaji kueleza sana. Mkulima yeyote aliyewahi kuuza viazi au vitunguu kwa gunia la lumbesa, lile linaloongezwa kilemba juu huku bei ikibaki ya gunia moja, ameielewa sura ya 8 kabla haijasomwa. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa lumbesa naye anaweza kuwa amekaa benchi la mbele, na huenda ndiye aliyechangia mabati ya kanisa.

Ibada inayokataliwa

Katika sura ya 5 Mungu anazikataa sikukuu za watu wake, sadaka zao za kuteketezwa na kelele za nyimbo zao, na mahali pake anataka haki inayotiririka bila kukoma. Picha hiyo inahitaji jiografia. Mabonde mengi ya Palestina hujaa maji wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Kinachotakiwa ni mto wa mwaka mzima, usio wa msimu.

Katika karne ya 19 wanazuoni wa Kiprotestanti wa Ujerumani, Julius Wellhausen akiwa mashuhuri kati yao, waliwaona manabii kama watu wa maadili waliosimama mbali na dini ya makuhani. Mahubiri mengi yakafuata njia hiyo, na Amosi akageuzwa fimbo ya kuwachapia Wakatoliki kwa liturujia yao au Wayahudi kwa sheria yao. Siku hizi wataalamu wengi hawakubali. Amosi hapendekezi dini isiyo na ibada. Anasema ibada ya mtu anayemkandamiza jirani yake inamchukiza yule inayoelekezwa kwake. Maneno yake yanalihusu kanisa lenye ngoma na vipaza sauti sawa na lenye ubani. Mafundisho ya mafanikio, yanayochukua utajiri kuwa uthibitisho wa kibali cha Mungu, yana kazi ngumu mbele ya kitabu hiki, kwa sababu hivyo ndivyo Samaria ilivyojisomea neema yake.

Kisa cha Betheli

Sura ya 7 ina tukio pekee la maisha ya Amosi tunalosimuliwa. Amazia, kuhani wa hekalu la Betheli, alipeleka taarifa kwa mfalme kwamba Amosi anafanya njama na kwamba nchi haiwezi kuyavumilia maneno yake. Kisha akamwambia Amosi arudi Yuda akale mkate wake huko na kuhubiri huko, kwa kuwa Betheli ni mahali pa mfalme. Amosi akajibu kwamba hakuwa nabii wa kuajiriwa, ila alichukuliwa kutoka nyuma ya mifugo.

Tukio hili limejirudia mara nyingi mno katika historia ya mahubiri. Girolamo Savonarola alihubiri mfululizo juu ya Amosi na Zekaria huko Florence katika Kwaresima ya 1496, akiwalenga watawala na makasisi. Alitengwa na Kanisa mwaka 1497, akanyongwa na mwili wake kuchomwa tarehe 23 Mei 1498. Huko Marekani, Martin Luther King alitumia maneno ya sura ya 5 tarehe 5 Desemba 1955 katika kanisa la Holt Street, Montgomery, siku mgomo wa mabasi ulipoanza, na tena Washington tarehe 28 Agosti 1963. Katikati ya tarehe hizo ndipo penye funzo kubwa zaidi kwa wahubiri. Mwezi Aprili 1963, akiwa jela Birmingham, alisoma taarifa ya viongozi wanane wa dini walioyalaumu maandamano kuwa yanaongozwa kwa sehemu na watu wa nje, na kuwahimiza Weusi wa mji huo wasiyaunge mkono. Katika barua yake ya kuwajibu alikumbusha kwamba manabii wa karne ya 8 KK nao waliondoka vijijini kwao. Hoja ya Amazia ilikuwa imerudi baada ya miaka 2,700, na safari hii pia ilitoka kwa watu wa madhabahuni.

Kenya ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 iliwajua maaskofu na wachungaji kama David Gitari, Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya walioambiwa waachane na siasa na kubaki na Injili. Gitari ni mfano mzuri wa mbinu: alieleza Maandiko aya kwa aya, mara nyingi kutoka Agano la Kale, na msikilizaji akaona mwenyewe ni nani anayesemwa.

Hukumu

Wahubiri wanaopenda haki ya Amosi mara nyingi huiruka hukumu yake, na wanaopenda hukumu huitenga na sababu zake. Katika kitabu hivi viwili havitengani. Watu waliitamani Siku ya Bwana wakidhani ni siku ya adui zao kupigwa. Amosi akawaambia itakuwa giza kwao. Maono yanapanda ngazi: nzige, kisha moto, na katika yote mawili nabii anaombea watu na Mungu anaghairi. Kwenye maono ya timazi na ya kikapu cha matunda ya kiangazi, haombi tena. Mahubiri yanayosahau kwamba Amosi aliomba kwanza humfanya mtu mwenye furaha ya kuona wengine wakiangamia, naye hakuwa hivyo. Hukumu aliyoitangaza ilifika: mwaka 722 KK Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru na watu wake wengi wakapelekwa uhamishoni.

Mistari ya mwisho, kuanzia 9:11, inaahidi kwamba kibanda cha Daudi kilichoanguka kitasimamishwa. Wataalamu wengi wanaona iliongezwa baadaye. Wengine wanaitetea kuwa ya Amosi. Agano Jipya linaitumia katika Matendo ya Mitume 15, pale Yakobo anapotetea mataifa kupokelewa. Kwa mimbari hatari yake ni moja: kuikimbilia mapema. Mstari wa 9:7, unaowaweka Israeli sawa na Wakushi, watu wa kusini mwa Misri, mbele za Mungu, unastahili kuhubiriwa kwanza, hasa Afrika, na kwa bahati mbaya husikika mara chache.

Katika mapokeo na katika kalenda

Wayahudi hawakumwacha Amosi kwa Wakristo. Talmudi ya Babeli, katika Makkot 24a, inaeleza jinsi amri 613 zilivyofupishwa na Daudi, Isaya, Mika na wengineo, hadi Amosi anapozifikisha kuwa moja: kumtafuta Mungu na kuishi. Sehemu ya sura ya 2 na ya 3 husomwa sinagogi pamoja na kisa cha Yosefu kuuzwa na ndugu zake, uteuzi wenye akili sana. Rabi Abraham Joshua Heschel, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya manabii mwaka 1962, aliandamana na King huko Selma mwaka 1965.

Katika makanisa mengi kinachoamua Amosi asikike au asisikike ni kalenda ya masomo. Makanisa ya Kiprotestanti yanayofuata kalenda ya pamoja ya miaka mitatu humsoma Jumapili kadhaa, ikiwemo sura ya 5 katika Mwaka A. Kalenda ya Kanisa Katoliki inampa Dominika tatu tu katika miaka mitatu: kisa cha Amazia katika Dominika ya 15 ya Mwaka B, vipimo vya udanganyifu katika Dominika ya 25 ya Mwaka C, na karamu za Samaria juma linalofuata, pamoja na Injili ya tajiri na Lazaro. Kifungu mashuhuri kuliko vyote, kile cha haki kama mto usiokauka, hakimo katika hizo tatu; husomwa Jumatano ya juma la 13 la mwaka, katika miaka inayogawanyika kwa 2, wakati wengi wa waumini wako kazini.